Mwongozo Kamili: Kuchagua, Kutunza na Kumimina Puligny-Montrachet ya Domaine Leflaive

Wanaonunua mvinyo wa Puligny-Montrachet kwa mara ya kwanza hukosea mahali palepale. Dukani hubeba chupa ya jirani wakidhani ni ya Domaine Leflaive. Nyumbani huiweka juu ya kabati la jikoni kwa miezi sita. Mezani huitoa kwenye friji ikiwa na baridi kali, kisha hushangaa kwamba mvinyo wa bei kubwa namna ile hauna harufu wala ladha. Mvinyo wenyewe ni nadra kuwa na kosa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhudumu wa hoteli ya Zanzibar, Arusha au Mombasa anayekabidhiwa chupa yenye thamani kuliko mshahara wake wa wiki, na kwa ajili ya mtu aliyeletewa zawadi kutoka Ufaransa na anayetaka kuitendea haki. Mfano utakaotumika ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mvinyo mweupe wa zabibu za Chardonnay kutoka kijiji cha Puligny-Montrachet katika mkoa wa Bourgogne, unaotengenezwa na Domaine Leflaive. Hata hivyo, karibu kila hatua inafaa pia kwa Chardonnay nyingine yoyote iliyotengenezwa kwa uangalifu, ikiwemo ile ya Afrika Kusini.

## Utakachohitaji

- Mahali penye giza na joto lisilopanda wala kushuka, kati ya nyuzijoto 10 na 14.
- Kizibuo chenye skrubu ndefu na nyembamba, ambacho kina kisu kidogo cha kukatia foili.
- Glasi zenye tumbo pana na mdomo unaojifunga kidogo. Glasi nyembamba za shampeni hazifai.
- Ndoo ya barafu, maji, na kipimajoto cha jikoni.
- Jagi safi la kioo la kumiminia.
- Tochi ndogo, au taa ya simu.
- Kitambaa cha pamba kisicho na harufu ya sabuni.

## Hatua ya 1: Soma lebo kabla ya kusoma bei

Jambo la kwanza linalowachanganya wengi ni kwamba neno Chardonnay kwa kawaida halipo kwenye lebo. Mvinyo wa Bourgogne hutajwa kwa jina la mahali ulipotoka, na anayeununua anatarajiwa kujua kwamba mweupe wa Puligny-Montrachet ni Chardonnay tupu. Kwa hiyo usiirudishe chupa rafuni kwa kuwa hukuliona jina la zabibu.

Jambo la pili ni jina la mzalishaji, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Katika kijiji hichohicho kuna kampuni mbili zenye jina la ukoo mmoja. Domaine Leflaive hutengeneza mvinyo wake kutokana na mashamba ya mizabibu ya familia. Olivier Leflaive ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1984 na mtu wa ukoo huo, nayo hununua pia zabibu za wakulima wengine. Mvinyo wa kampuni hii ya pili si bandia wala si mbaya, na mara nyingi bei yake ni rafiki zaidi, lakini ni mvinyo mwingine. Tafuta neno Domaine likiwa mbele ya neno Leflaive. Usipoliona, uliza kabla ya kulipa.

Jambo la tatu ni jina la mahali. Montrachet ni shamba la takriban hekta 8 linalogawanywa na mpaka wa vijiji viwili, Puligny na Chassagne, na vijiji vyote viwili viliongeza jina la shamba hilo kwenye majina yao. Ndiyo maana Chassagne-Montrachet na Puligny-Montrachet ni vijiji tofauti, na ndiyo maana chupa iliyoandikwa Puligny-Montrachet si Montrachet. Kinyume chake, chupa za daraja la juu kabisa hazitaji kijiji hata kidogo: utaona Bâtard-Montrachet au Chevalier-Montrachet, basi.

Tahadhari: muuzaji akikuambia kwamba chupa ya daraja la kijiji ni Montrachet yenyewe, ama hajui anachouza au anatumaini kwamba wewe hujui. Montrachet ya Domaine Leflaive hutoka katika kipande cha hekta 0.08 tu, ambacho hakizidi sana pipa moja kwa mwaka, na bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja, bila kuuliza mtu, mzalishaji, mahali, daraja na mwaka wa mavuno wa chupa uliyoshika.

## Hatua ya 2: Chagua daraja linalolingana na mfuko wako na subira yako

Mvinyo wa nyumba hii, yaani Domaine Leflaive, umepangwa kwa madaraja, nayo hayapimi ubora peke yake. Yanaeleza pia chupa inahitaji kungojwa kwa muda gani, na hilo ndilo wanunuzi wengi hulisahau.

Anayeanza aanze na Mâcon-Verzé. Huu hautoki Puligny. Unatoka upande wa kusini wa Bourgogne, katika eneo la Mâcon, ambako Domaine Leflaive ilianza kutengeneza mvinyo kwa mavuno ya mwaka 2004. Ni mkono uleule na bei iliyo chini sana, tena hunyweka vizuri ukiwa na umri wa miaka miwili hadi mitano. Kwa maoni yangu, hakuna sababu ya mtu kununua chupa ya daraja la juu kabla hajaonja huu na kuona kama aina hii ya mvinyo inampendeza. Aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma anaweza kushtuka kwa ukavu na uchachu wake, na ni nafuu ashtuke kwa gharama ndogo.

Baada ya hapo kuna Puligny-Montrachet ya daraja la kijiji, ambayo ningeingoja mpaka ifikishe miaka minne au mitano. Kisha zinafuata chupa zenye maneno Premier Cru, yaani daraja la pili kutoka juu, na jina la shamba: Clavoillon, Les Folatières, Les Combettes, Les Pucelles. Sehemu kubwa ya shamba la Clavoillon ni mali ya Domaine Leflaive, kwa hiyo ndilo jina la Premier Cru ambalo huwa rahisi zaidi kulikuta. Les Pucelles limepakana na mashamba ya Grand Cru, yaani daraja la juu kabisa, na bei yake inakumbusha jambo hilo.

Juu kabisa ni Grand Cru: Bienvenues-Bâtard-Montrachet, Bâtard-Montrachet, Chevalier-Montrachet na Montrachet. Tofauti yake inatokana na ardhi. Chevalier iko juu mlimani, penye udongo mwembamba wa mawe ya chokaa, na mvinyo wake ni mwembamba, ulionyooka na wenye uchachu unaong'ata. Bâtard iko chini, penye mfinyanzi mwingi, na mvinyo wake ni mzito na mnene mdomoni. Ukipewa kuchagua kati ya hizi mbili, usiangalie ipi ni ghali zaidi. Fikiria utakula nini nayo.

Tahadhari: kufungua Grand Cru yenye umri wa miaka mitatu ni kutupa fedha. Mvinyo huwa bado umejifunga, na utakachoonja ni uchachu na ladha ya pipa la mwaloni. Kama huwezi kungoja miaka kumi, nunua daraja la chini ulifurahie mwaka huu.

## Hatua ya 3: Ikague chupa ukiwa bado dukani

Ishike chupa ikiwa imesimama, kisha umulike tochi nyuma ya shingo. Rangi iwe ya dhahabu hafifu, au dhahabu iliyokolea kiasi kwa chupa yenye miaka zaidi ya kumi. Rangi ikielekea kwenye kahawia, iache.

Sababu yake ni kwamba mvinyo mweupe wa Bourgogne, hasa wa mavuno ya kuanzia katikati ya miaka ya 1990, ulikumbwa na tatizo la kuzeeka kabla ya wakati. Chupa zilizotarajiwa kudumu miaka ishirini zilikutwa na rangi ya kahawia na harufu ya tufaa lililokatwa na kuachwa wazi baada ya miaka saba au minane tu. Wazalishaji wakubwa hawakusalimika, na Domaine Leflaive ni mmoja wao. Kuanzia mavuno ya 2014 nyumba hii iliachana na vizibo vya kawaida vya gome na kuhamia vizibo vya Diam, ambavyo hutengenezwa kwa chembechembe za gome zilizosafishwa kisha zikabanwa pamoja. Hivyo ukifungua chupa ya 2016 ukakuta kizibo kinachoonekana kama kimeundwa kwa vipande vidogovidogo, usidhani umeuziwa bidhaa ya kughushi. Kuhusu mavuno ya kabla ya 2014, mimi sinunui chupa bila kuuliza ilikohifadhiwa.

Angalia pia kiwango cha mvinyo shingoni. Nafasi ya sentimita moja hadi mbili chini ya kizibo ni ya kawaida kwa chupa changa. Mvinyo ukiwa umeshuka hadi kwenye mabega ya chupa, hewa imekwisha kuingia. Mwisho, pitisha kidole chini ya foili: ukihisi kitu kinachonata au uone michirizi mikavu, chupa hiyo ilipata joto na mvinyo ukasukuma kizibo.

Ukiona chembe nyeupe zinazong'aa zimetulia chini ya chupa, usiogope. Hizo ni fuwele za asidi ya zabibu zenyewe. Hazina madhara wala si vipande vya kioo, ingawa kila mhudumu atakutana na mgeni anayeamini hivyo.

## Hatua ya 4: Isafirishe na uitunze bila kuipika

Hapa ndipo hali ya hewa yetu inapomshinda mtu. Gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa hupata joto la kutosha kuharibu mvinyo ndani ya mchana mmoja. Nunua chupa mwisho wa safari zako za siku, na ukifika nyumbani iwe kitu cha kwanza kushushwa.

Anayekuja na chupa kwa ndege aifunge kwa nguo nzito na kuiweka katikati ya sanduku la kukabidhiwa. Ukiinunua uwanja wa ndege, usiufungue mfuko uliofungwa na duka mpaka umalize safari yote, kwa sababu kwenye uwanja wa kuunganisha ndege mfuko uliofunguliwa humaanisha chupa kunyang'anywa. Baada ya safari ndefu, iache chupa ipumzike wiki mbili kabla ya kuifungua.

Kwa utunzaji wa muda mrefu, ilaze chupa ubavu ili kizibo kisikauke, mahali penye giza, pasipotikisika, kwenye nyuzijoto 10 hadi 14. Joto kubwa huharakisha kuzeeka. Joto linalopanda na kushuka ni baya zaidi, kwa kuwa mvinyo hutanuka na kunywea na kukilegeza kizibo kidogokidogo. Kwa hiyo chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi si stoo ya mvinyo, hata kama usiku unasikia baridi ndani yake.

Friji maalumu ya mvinyo hutosha. Umeme ukikatika, usiifungue kabisa. Chupa zilizojaa ndani hushikilia ubaridi kwa saa kadhaa. Friji ya kawaida ya jikoni inakubalika kwa wiki mbili au tatu, lakini si kwa mwaka, kwa kuwa hewa yake ni kavu mno.

Na kama huna friji ya mvinyo wala hukai Njombe au Limuru? Basi usinunue chupa ya kuweka. Nunua iliyofikia umri wa kunyweka, kwa muuzaji mwenye stoo nzuri, katika wiki ileile utakayoinywa. Ni ushauri usiopendwa na wenye kupenda kukusanya chupa, lakini ndio unaookoa mvinyo.

## Hatua ya 5: Ifikishe kwenye joto sahihi

Joto la kuunywea mvinyo huu ni nyuzijoto 11 hadi 13. Friji ya jikoni huwa kwenye nyuzijoto 4 hivi, ambako harufu hulala na uchachu peke yake husikika. Chumba cha kulia cha pwani kinaweza kufika nyuzijoto 30, ambako pombe hupanda puani na mvinyo huonekana mzito na mlegevu.

Kama chupa ilikuwa kwenye friji ya jikoni, itoe mezani dakika 20 hivi kabla ya kumimina. Chumba kikiwa na joto kali, dakika 10 hadi 15 zitatosha. Kama ilikuwa kwenye joto la chumba, izamishe hadi shingoni katika ndoo yenye nusu barafu na nusu maji kwa dakika 20 hadi 25. Maji ni ya lazima: barafu tupu huigusa chupa sehemu chache tu na kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi.

Tahadhari: usiiweke kwenye jokofu la kugandisha. Mvinyo ukiganda hutanuka, husukuma kizibo na wakati mwingine huvunja chupa.

Utajua umefaulu ukimimina kidogo, ukachovya kipimajoto na kusoma nyuzijoto 10 au 11. Nyuzijoto moja au mbili zilizobaki zitapanda zenyewe ndani ya glasi.

## Hatua ya 6: Ifungue taratibu

Kata foili chini ya ukingo mnene wa mdomo wa chupa, si juu yake, ili mvinyo usipite kwenye chuma. Futa mdomo kwa kitambaa. Ukiona ukungu mweusi juu ya kizibo, ufute tu. Ni alama ya stoo yenye unyevu, na hilo ni jambo jema.

Weka ncha ya skrubu katikati kabisa na uizungushe ikiwa imenyooka, ukiacha mzunguko mmoja nje ili isitoboe upande wa chini na kuangusha vumbi la gome ndani. Vuta kwa nguvu ndogo isiyokatika. Kizibo kikitaka kutoa mlio, kizuie kwa kiganja. Kwa chupa yenye zaidi ya miaka 15, tumia kizibuo cha bapa mbili, ambacho hupenyezwa pande mbili za kizibo badala ya kukitoboa, ukiweza kukipata, kwa sababu gome la umri huo hukatika.

## Hatua ya 7: Nusa, na utenganishe kasoro na tabia

Hatua hii ndiyo inayowarudisha watu dukani wakiwa na hasira isiyo na msingi, au inayowafanya wanywe mvinyo ulioharibika kwa adabu. Mimina kidogo, zungusha glasi, kisha nusa.

Ukisikia harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, hiyo si kasoro. Mvinyo wa Domaine Leflaive hukaa takriban mwaka mmoja ndani ya mapipa ya mwaloni, kisha miezi kadhaa ndani ya matangi, na kwa muda mrefu huachwa juu ya mashapo ya chachu yake bila kuguswa na hewa nyingi. Malezi ya namna hiyo huleta harufu hii, na wapenzi wa Puligny huitafuta. Ikizidi, mimina mvinyo wote kwenye jagi la kioo na uuache nusu saa. Itapungua, na nyuma yake zitajitokeza ndimu, pea, maua meupe, na kitu kinachofanana na korosho zilizokaangwa kidogo.

Ukisikia harufu ya boksi lililolowa maji au tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo, hiyo ni kasoro ya kizibo. Haitoki kwa kusubiri. Kwa kawaida huongezeka. Rudisha kizibo, usinywe zaidi, na umrudishie muuzaji chupa ikiwa karibu imejaa, kwa kuwa hakuna muuzaji atakayepokea malalamiko ya chupa tupu.

Ukisikia tufaa lililogeuka kahawia, asali iliyochacha na karanga za zamani, na rangi nayo imekolea, mvinyo umezeeka kabla ya wakati au umepikwa njiani. Jagi halitasaidia.

Kwa mhudumu: usimwambie mgeni kwamba harufu ya kiberiti ni ya kawaida kwa sauti ya kumfundisha. Mwombe dakika kumi, mmiminie kwenye jagi, kisha mrudishie glasi. Mvinyo utajieleza.

## Hatua ya 8: Mimina na uandae chakula

Jaza theluthi moja ya glasi, si zaidi, ili kuwe na nafasi ya kuzungusha. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za kiasi hicho. Usiirudishe chupa kwenye ndoo ya barafu moja kwa moja. Iweke mezani, na uizamishe kwa dakika tano tu inapopata joto.

Chakula kiwe na mafuta kidogo na kisiwe na kelele. Kamba-koche au kamba wakubwa waliochomwa kwa siagi ndio rafiki wa karibu zaidi, hasa kwa Bâtard. Changu wa kuoka, kaa aliyechemshwa na kuku wa kienyeji wa kuchoma huenda vizuri na daraja la kijiji. Samaki wa kupaka naye anakubalika, kwa sharti kwamba tui liwe zito na pilipili isizidi: pilipili kali huifanya pombe iwake mdomoni na kuua kila kitu kingine. Ndimu nayo ikamuliwe kwa kiasi, kwa sababu ndimu nyingi huufanya mvinyo uonekane wa maji.

Utajua umefaulu ukimeza na ladha ikabaki. Kwa Mâcon-Verzé hubaki kwa muda mfupi. Kwa Premier Cru iliyofikia umri wake unaweza kumaliza sentensi nzima na bado unaisikia, pamoja na ule ukavu wa chumvichumvi unaokuita glasi nyingine.

## Hatua ya 9: Kilichobaki

Rudisha kizibo na uiweke chupa friji ikiwa imesimama, si ubavu, ili uso unaogusana na hewa uwe mdogo. Mvinyo mchanga hudumu siku mbili au tatu, na siku ya pili mara nyingi huwa mzuri kuliko ya kwanza. Mvinyo wa zaidi ya miaka kumi umalize usiku uleule. Ukijua mapema kwamba hutamaliza chupa, jaza nusu yake kwenye chupa ndogo safi mpaka mdomoni mara tu unapofungua, kisha uizibe. Hewa itakuwa kidogo na mvinyo utakaa hadi siku ya nne.

Kuhusu kuupikia mchuzi: mvinyo wa bei nafuu hutoa matokeo yaleyale sufuriani.